Kuhesabu Ndugu Hadi Injini Ipate Moto

Miezi ya baridi betri ya trekta hulala jikoni kwetu, juu ya ubao, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Hatua hizo amezipima binti yangu mwenyewe, akachora na mstari wa chaki sakafuni ili mtu asije akaisogeza. Nikiamka alfajiri, usingizi ukiwa haujaniachia vizuri, ndiyo kitu cha kwanza ninachokiona: boksi jeusi lenye vichwa viwili vya risasi, limefunikwa gunia hadi mabegani. Mara nyingine nalisalimia.

Binti yangu ndiye dereva na mtunzaji wa trekta la kikundi cha wakulima wa huku mlimani. Ana miaka ishirini na tisa. Watu wanamwita Kibiriti, jina alilopewa na baba yake utotoni, kwa sababu alikuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa, na ukimgusa kidogo tu anawaka. Wembamba umebaki. Hasira ilimwondoka polepole, sijui ilikwenda wapi, nadhani ilimalizikia kwenye spana. Siku hizi hata akiudhika huinama akakaza nati ambayo tayari imekaza.

Trekta lenyewe ni dogo, la silinda tatu, rangi yake imebabuka hadi huwezi kusema lilikuwa jekundu au la chungwa. Kabla ya binti yangu lilikuwa mikononi mwa mume wangu kwa miaka ishirini na miwili. Kibiriti alipofikisha miaka ishirini na tano bila dalili ya kuolewa, na baba yake alikuwa ameshafariki, jirani yetu fundi cherehani alikuja kukaa nami barazani akaniambia niache kujisumbua, mkwe ninaye, si huyo amelala kibandani? Maneno hayo yalifika sokoni kabla yake. Wadogo zake Kibiriti wakaanza kuliita trekta Shemeji, na mimi nikawa mama mkwe wa kijiji kizima. Napita na kikapu changu mtu ananiuliza mkweo kaamkaje leo. Nasema anakohoa kidogo, lakini kanywa maji. Nimezoea. Hata nikiwa peke yangu namwita Mkwe.

Lakini simpendi kama wanavyodhani. Mume wangu aliacha vidole viwili kwenye mkanda wa feni, mwaka ule Kibiriti alipoanza shule. Akiulizwa viko wapi alijibu kwamba vimetangulia shamba, na watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikakaa kitandani. Tangu siku hiyo kila kinachozunguka nakitazama mara mbili. Kila asubuhi ninamfunga binti yangu kilemba kwa mikono yangu, mafundo mawili nyuma, na kila unywele nausukuma ndani. Mtu mzima kabisa, anayeongoza mashine ya tani moja, bado anainama mlangoni nimfunge. Anaangalia chini kama alipokuwa na miaka sita.

Kazi zake za jioni nazijua zote kwa kuchungulia. Hujaza tangi la dizeli hadi juu kabla jua halijazama, kwa sababu tangi likibaki nusu, ukungu huingia kwenye ule uwazi ukageuka maji, na maji yakishaingia kwenye mafuta ni balaa. Hufungua kikombe cha kioo kilicho chini ya chujio la dizeli, akakiinua kwenye mwanga, akatazama kama kuna tone linalokaa chini peke yake. Hugonga magurudumu kwa kisigino. Hubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, injini ikiwa imezimwa, na ukiingia ndani kiasi cha pingili moja ya kidole huridhika. Kisha hufungua koki ya rejeta na kumwaga maji yote, maana huku kwetu kuna asubuhi beseni la nje linakuwa na ngozi ya barafu, na maji yakiganda tumboni mwa injini chuma hupasuka. Mwisho huvisha bomba la moshi kopo tupu la maziwa, umande usiingie. Kopo hilo lilikuwa la baba yake. Limeota kutu upande mmoja tu, ule unaotazama mlimani.

Kazi yangu mimi ni moja. Maji. Alfajiri nachemsha ndoo ya maji ya kujaza rejeta, yawe ya moto wa kuogeshea mtoto, si zaidi, kwa sababu ukimwagia maji yanayochemka injini iliyolala kwenye baridi utaivunja. Nayapima kwa kiwiko. Kibiriti anahitaji ndoo moja. Mimi nachemsha mbili, kwa sababu moja inaweza kumwagika. Miaka minne sasa haijamwagika hata mara moja, na ile ya pili hufulia nguo, na kila siku binti yangu ananiuliza, mama, hii ya pili ni ya nani? Namwambia ya wasiwasi.

Halafu kuna kuhesabu. Hapo ndipo kwetu tunatofautiana na madereva wengine.

Injini ya dizeli haina cheche. Inategemea joto, na asubuhi ya baridi haina joto lake yenyewe, lazima uipe. Kuna plagi ndogo tatu ambazo unazipasha moto kwa kubonyeza kitufe, unashikilia kidole hapo, unasubiri, ndipo unageuza ufunguo. Ukiwa na haraka haiwaki. Ukizidisha unamaliza betri. Mume wangu alikuwa akisubiri kwa kutazama saa ya mkononi, hadi siku saa ile ilipodondoka kwenye karai la oili chafu ikafia humo. Akajaribu kuhesabu kwa namba, akawa anakimbia, kumi na tano zinaisha kabla plagi hazijajua kama ni asubuhi. Basi akaanza kuhesabu ndugu. Baba, mama, kaka, dada, babu, bibi, shangazi, mjomba. Kila mmoja kwa pumzi yake. Alisema namba unaweza kuziruka, shangazi huwezi kumruka, lazima umsalimie. Miezi ya joto alikuwa akiishia kwa mjomba. Baridi ikianza aliongeza baba mkubwa na baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, binamu, wifi, shemeji. Na zile asubuhi za barafu kwenye beseni, ndugu walio hai walikuwa hawatoshi, ikabidi aendelee kwa waliokufa.

Kibiriti alijifunza hivyo akiwa amepakatwa pale juu ya kiti cha chuma. Kabla hajajua kuandika jina lake alijua ukoo mzima kwa mpangilio wa kupasha plagi.

Sasa niseme kilichotokea mwaka jana.

Kulikuwa na malalamiko. Miezi ya baridi trekta lilikuwa likifika mashambani saa tatu, saa nne, na watu wawili wa upande wa chini walichelewa kupanda. Mwenyekiti wa kikundi si mtu mbaya, ni mtu anayependa mambo yaonekane. Aliita kikao, akasema kuna dereva wa bondeni, ambaye ni shemeji yake wa kweli, si wa utani, ana banda lenye milango na eneo lisilo na baridi. Huenda trekta likakae kule. Kibiriti alisimama akasema kuchelewa kule hakukuwa kwa injini, kulikuwa kwa barabara iliyokatika, na Mkwe anawaka saa moja asubuhi siku yoyote ya mwaka. Mwenyekiti akasema vizuri, basi tuone. Jumamosi saa moja kamili kamati itakuja kibandani. Hakuna kuvutwa, hakuna kusukumwa kwenye mteremko. Ufunguo mara tatu. Likiwaka linabaki, lisipowaka dereva wa bondeni ataondoka nalo siku hiyohiyo.

Binti yangu alirudi nyumbani akakaza nati za kitanda.

Ijumaa alishinda na Mkwe mchana kutwa. Alibadilisha oili. Alisugua vichwa vya betri kwa maji ya vuguvugu hadi vikang'aa, akavipaka grisi. Alifungua chujio la hewa, lile bakuli la chini lenye oili inayonasa vumbi, akalimwaga, akaliosha kwa dizeli, akalijaza hadi kwenye alama, akalirudisha. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, na nadhani nilichambua yaleyale mara tatu. Nilikuwa naona mikono tu. Inaingia, inatoka. Kila ikitoka nahesabu vidole.

Jioni alikwenda kisimani kuoga. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka, ule mweupe unaotembea chini kama kitu kinachotafuta njia. Nikapita kibandani kuona kama kopo limevishwa. Lilikuwa limevishwa. Boneti ilikuwa bado wazi. Nikasikia sauti.

Ilikuwa ni upepo unaingia kwenye mdomo wa chujio la hewa, upande ule wa ukutani, tundu la mviringo kama kikombe. Ulikuwa ukipuliza mle ndani taratibu, unanyamaza, unapuliza. Nilisimama nikasikiliza. Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga aliyezibwa pua na mafua. Niliijua sauti hiyo, nimekesha nayo. Na wakati huo wote nilikuwa kama naota, miguu yangu haikuwa na uzito. Nikajiambia, baridi yote inaingilia hapa. Amemfunika bomba la moshi, betri kaiingiza ndani, maji kayamwaga, lakini pua kaiacha wazi. Na panya je?

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku langu, nikatoa kofia ya sufu niliyomfumia Kibiriti kabla hajazaliwa. Ya manjano, yenye kishada juu. Nikaikunja nikaisukuma mdomoni mwa chujio. Ilikaa kana kwamba niliifuma kwa ajili yake. Sauti ikakoma. Nikashusha boneti, nikaipapasa. Nilipanga kuitoa alfajiri nitakapopeleka maji.

Usingizini nilimwona mume wangu jikoni anamnywesha Mkwe chai. Trekta limekaa mezani, magurudumu ya mbele yamekunjwa kama mikono ya mgeni mwenye adabu. Mume wangu alikuwa anamimina kwa mkono ule wa kulia, na ulikuwa na vidole vitano.

Asubuhi beseni lilikuwa limeganda. Kamati walikuja mapema, saa moja haijafika, wamejifunika mashuka na makoti, watu sita na dereva wa bondeni wa saba. Nikahangaika na viti. Kuna kiti kimoja mguu umelegea, nikawa namzuia katibu asikikalie. Fundi cherehani naye akafika, hakuitwa, akaniambia pembeni kwamba leo ndiyo siku ya mahari. Nikampa Kibiriti ndoo ya maji mlangoni, nikamfunga kilemba, nikamwombea kwa moyo. Kofia ilikuwa imenitoka kichwani kabisa, kama ndoto ya juzi.

Alirudisha betri, akakaza nyaya. Akajaza rejeta. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena akakitazama. Akatoa kopo kwenye bomba la moshi akaliweka chini. Akapanda. Gia akaziweka huru, klachi akaikanyaga hadi chini ili stata isibebe mzigo wa bure. Kidole kwenye kitufe.

"Baba," alisema kimoyomoyo, lakini mimi nasoma midomo yake. "Mama. Kaka. Dada."

Ukungu ulikuwa umesimama mlangoni mwa banda kama watu wengine waliokuja kutazama. Alifika kwa shemeji, akaendelea kidogo, akageuza.

Stata ilizunguka vizuri, kwa nguvu. Injini ikazungushwa, ikazungushwa, haikushika. Moshi kidogo mweupe ukatoka juu ya bomba, ukakatika. Akaacha.

"Moja," alisema mwenyekiti. Hakusema kwa ubaya.

Kibiriti akashuka. Hakutazama mtu. Akalegeza skrubu ya kutolea hewa kwenye njia ya dizeli, akapampu kwa kidole, dizeli ikatoka safi bila povu, akakaza. Akagusa plagi moja baada ya nyingine kwa mgongo wa mkono. Akapanda tena. Safari hii alihesabu mbali. Alipita binamu, akapita shemeji, akaingia kwa babu zake waliokufa, kwa shangazi aliyefariki kwa homa, kwa mtoto wangu wa pili ambaye hakufikisha wiki na ambaye sikujua kama anamhesabu. Akageuza. Stata ilikuwa imechoka kidogo. Injini ikavuta, ikavuta, nikasikia kitu kama mtu anayepumua ndani ya mto. Kimya.

"Mbili."

Katibu alikohoa. Binti yangu alikaa juu ya kile kiti mikono ikiwa mapajani, akasema polepole, kama anaongea na baba yake, "Mafuta yapo. Moto upo."

Akaishia hapo. Kitu cha tatu hakukitaja. Hewa aliishughulikia mwenyewe jana, kwa mikono yake, na mikono yake anaiamini.

Mimi nikakumbuka. Nilikumbuka kwa vidole kwanza, jinsi sufu ilivyozama.

Nisidanganye, nilinyamaza. Nilisimama pale na mikono ndani ya kanga, nikaona Mkwe anavutwa kuteremka kwenda bondeni, anakuwa mdogo, anapotea kwenye ukungu. Nikaona binti yangu analala hadi kunapambazuka. Nikaona nywele zake ziko wazi, na mkanda unazunguka mbali, kwenye banda la watu wengine, hauwezi kumfikia. Ilikuwa picha nzuri sana. Nikaitazama kwa muda ambao Kibiriti angekuwa amefika kwa mjomba. Kisha nikamtazama yeye. Alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, kwa kidole gumba anaupapasa pale rangi ilipolika, pale baba yake alipokuwa akishika.

Dereva wa bondeni alikuwa ameshatoa kopo lake. Ni dawa ya kupuliza, wengi wanayo, unaipuliza puani mwa injini inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mume wangu aliikataza, alisema kwenye injini yenye plagi za moto inaweza kulipuka usoni mwako. Mwenyekiti alimwambia shemeji yake aonyeshe, ili kamati ione kama tatizo ni mashine au ni mtu. Akainua boneti, akazungukia upande wa ukutani, akatikisa kopo. Kibiriti alifungua mdomo kukataa.

"Usipulize," nilisema mimi. "Kuna kofia humo."

Wote wakageuka.

"Kofia gani, mama?" aliuliza dereva wa bondeni.

"Ya mtoto."

Aliinama akachungulia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akaweka kopo chini, akasema kweli ipo, na ina kishada. Fundi cherehani aliketi juu ya kile kiti kibovu, akaanguka nacho, na hata hakunyanyuka, alicheka akiwa palepale chini. Mwenyekiti aliuliza nani kaiweka. Nikasema ni mimi, jana jioni, nilisikia anapumua vibaya. Nikaeleza yote, pua, baridi, panya. Nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu yalivyo. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba sasa kamati ina wasiwasi wa aina mpya, trekta la watu arobaini kukaa kwa mama mkwe anayelivisha nguo za mtoto.

Kibiriti hakucheka. Alishuka, akaja, akaingiza koleo kwenye lile tundu akavuta. Kofia ilikuwa imenyonywa ndani, imejikunja kama ngumi, imelowa umande na kunuka oili. Akaishika mkononi akaigeuza. Sikujua kama anaikumbuka. Mtu hakumbuki kofia aliyovaa akiwa na miezi miwili.

"Mama," alisema.

Nikasubiri liwalo na liwe.

"Ile ndoo ya pili ipo?"

Ilikuwepo. Ilikuwa jikoni juu ya jiko, imefunikwa sinia. Nilikwenda mbio kama msichana. Niliporudi alikuwa ameshafungua koki na maji ya mwanzo, yaliyokwisha kupoa, yanamwagika chini yakitoa mvuke mwembamba. Alijaza ya moto. Alibakiza kidogo kwenye ndoo, akalowesha matambara mawili humo, akayakamua, akayazungushia bomba linalopeleka hewa kwenye silinda ili hewa ambayo injini itavuta iwe vuguvugu. Tambara moja lilikuwa halikai. Dereva wa bondeni alilishikilia. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba mkono wake una baridi na hapo kuna joto.

Katibu alinong'ona kwamba betri imekwisha, hiyo sauti ya pili aliisikia. Mwenyekiti akasema bado kuna moja.

Kibiriti alipanda. Klachi chini. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kuniita, nikasogea nikasimama pembeni ya gurudumu kubwa, mbali na mkanda. Kidole kwenye kitufe.

Tangu baba yake afe alikuwa akianza na yeye. Baba, ndiyo namna alivyofundishwa, ndiyo mwanzo wa wimbo wenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nikisikia anamtaja wa kwanza kama vile yuko ndani anakunywa chai. Sijawahi kumuuliza. Mambo mengine ukiyauliza unayavunja.

Asubuhi ile alianza na mimi.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Kaka. Dada. Bibi. Shangazi. Mjomba."

Nami nikaanza kuhesabu naye. Baba mkubwa, baba mdogo. Mama mkubwa, mama mdogo. Nilisikia sauti ya fundi cherehani nyuma yangu, bado yuko chini, anasema binamu, wifi. Shemeji, alisema dereva wa bondeni, na mtu mmoja akacheka kidogo akaacha. Kisha tukaingia kwa wale wengine, na hapo tukabaki wawili tu, kwa sababu hao ni sisi tunaowajua. Babu. Babu mwingine. Shangazi wa homa. Mdogo wangu, alisema Kibiriti, yule asiyefikisha wiki. Macho yangu yalikuwa yanaona ukungu na watu kwa pamoja, sikuweza kusema nani yuko ndani ya banda na nani yuko nje.

Alivuta pumzi.

"Baba," alisema, akageuza ufunguo.

Stata ilizunguka mara moja, kwa uzito. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, nikadhani imekwama. Ya tatu silinda moja ikagonga. Moja tu. Halafu ikagonga tena, na nyingine ikaijibu, moshi mweupe ukapanda kwa mabonge, banda lote likaanza kutetemeka na kopo la maziwa likatembea lenyewe sakafuni. Silinda ya tatu ilichelewa, kama kawaida yake. Kibiriti alishusha mafuta polepole hadi mlio ukalainika. Akatazama geji ya oili. Ndipo akatoa mguu kwenye klachi.

Mwenyekiti alisubiri moshi ugeuke kuwa mwepesi. Alisema, kwa kupaza sauti juu ya injini, kwamba makubaliano yalikuwa mara tatu na hii ni ya tatu, trekta linabaki, ila mama mkwe asikutwe tena na mkwe wake bila mtu wa tatu. Aliyetikisa kichwa kwa nguvu kukubali ni mimi.

Dereva wa bondeni aliondoka na kopo lake mfukoni. Alipofika njiani alirudi, akamwomba Kibiriti awarudie tena wale ndugu, kwa mpangilio, hasa wa katikati.

Siku hiyo Kibiriti na Mkwe walilima hadi jioni, wakaanza na shamba la mmoja wa wale wawili waliochelewa. Mimi nilibaki nakunja mashuka yaliyosahauliwa. Aliporudi alikuwa na kamba nyembamba. Alifunga ncha moja kwenye kishada cha kofia, ambayo nilikuwa nimeifua, na ncha nyingine kwenye usukani. Akasema tundu lile kweli linaingiza unyevu, na panya ni kweli wapo, nilichokosea ni kutomwambia. Basi kila jioni kofia inaingia, na kila asubuhi dereva hawezi kushika usukani bila kuikuta kamba mkononi. Kopo la maziwa nalo lina kamba yake sasa.

Kazi ya kuivisha ni yangu. Naifanya kabla jua halijazama, Kibiriti akiwa amesimama hapo ananitazama, maana agizo la mwenyekiti linaheshimiwa.

Ndoo bado ni mbili. Haniulizi tena ya pili ni ya nani. Alfajiri nikiwa jikoni, mikono kwenye maji, napima kwa kiwiko, naisikia sauti yake kule kibandani inapita kwa ndugu mmoja mmoja, mimi wa kwanza. Naacha kila ninachofanya. Asubuhi za joto anaishia kwa mjomba, na injini inawaka, na mimi naendelea na kazi. Lakini beseni likiwa limeganda nasimama pale mlangoni, kwa sababu najua safari hii atafika mwisho, aliko baba yake.